KIJANA, UNAFUNGA NINI, NA UNAFUNGUA NINI?



Umepewa karatasi hii mkononi. Labda uko stendi ya Makambako, pale njia ya Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu ya Mbeya, unasubiri gari. Labda uko sokoni Njombe, umefunga koti mpaka shingoni kwa sababu ya baridi, unasubiri mtu akupe kazi ya kupakia viazi. Labda umesimama nyuma kabisa ya mkutano, mikono mfukoni, umekuja kusikiliza vyombo tu. Si kitu. Usiitupe bado. Nina swali moja nataka tulizungumze, wewe na mimi.

Swali lenyewe ni hili: MUNGU ANAPATA FAIDA GANI WEWE UKIKAA BILA KULA?

Umesikia wahubiri wakitangaza maombi ya kufunga. Siku 3, siku 7, siku 21, hata siku 40. Umewaona majirani Waislamu wakifunga mwezi wa Ramadhani, na Wakatoliki na Walutheri wakishika Kwaresima. Pengine ukasema moyoni, "Hawa watu vipi? Mungu ndiye aliyeumba tumbo, Mungu ndiye aliyeumba mahindi, halafu atafurahi nisipoyala?"

Usiogope kuuliza hivyo. Watu waliuliza swali karibu na hilo zamani sana, tena walimwuliza Mungu mwenyewe. Soma Isaya 58:3. Walilalamika kwamba wamefunga na wamejitesa, mbona Mungu haangalii? Na Mungu hakukasirika kwa sababu wameuliza. Aliwajibu. Jibu lake ndilo linalonifanya niandike karatasi hii.

KUNA KUSHINDA NJAA, NA KUNA KUISHINDA NJAA

Kwanza tuelewane. Kuna vijana wengi hapa ambao wanakaa bila kula kila siku, na hakuna anayewaita watu wa maombi. Asubuhi chai ya rangi. Mchana hakuna. Usiku ndiyo sahani moja ya ugali. Si tunaita pasi ndefu? Unapiga pasi kutoka asubuhi mpaka usiku, mpira hauguswi na mtu katikati.

Ndugu yangu, hiyo siyo kufunga. Hiyo ni njaa. Mtu asije akakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa akakuambia kwamba umaskini wako ni utakatifu. Mungu hakusema njaa ya maskini ni ibada. Alisema njaa ya maskini ni kesi, na atawauliza walioshiba.

Kushinda njaa ni kitu kinachokupata. Hukukichagua. Kuishinda njaa ni kitu kingine. Chakula kipo, mkono unafika, mama lishe anakuita kwa jina, na wewe unasema, "Leo hapana, mama." Tofauti iko hapo: unaweza kula, lakini umechagua usile. Na ukishachagua, swali la pili linakuja mara moja: umechagua kwa ajili ya nani?

Hapo ndipo watu wengi wanapoanguka. Mimi mwenyewe nilianguka. Ngoja nikusimulie.

NILIFUNGA SIKU TATU

Nilikuwa na miaka 19, naishi Makambako kwa mama yangu. Kazi yangu ilikuwa kupakia mbao kwenye malori. Siku lori lipo, unakula. Siku lori halipo, unaangalia barabara. Nilitamani sana kuwa utingo. Utingo anasafiri, anafika Dar es Salaam, anarudi na viatu vipya.

Mtu mmoja akaniambia, "Dogo, funga siku tatu kavu, hata maji usiguse, halafu mdai Mungu. Lazima atoe." Nilikuwa sijaokoka, lakini maneno yale niliyapenda. Yalikuwa rahisi kuelewa, kama biashara: lipa, upewe.

Basi nikafunga. Siku ya kwanza nilimwambia kila mtu pale kijiweni kwamba nimefunga. Siku ya pili nilikuwa sisemeshwi. Siku ya tatu mdogo wangu alijikwaa akamwaga maji niliyotaka kunawa uso. Nikampiga kofi mpaka akaanguka.

Mama alikuwa jikoni. Hakupiga kelele. Alikuja mlangoni, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, mdomo umeufunga. Mkono je?"

Nikatoka nje nikakaa kwenye jiwe. Baadaye mama akatoka na sahani. Ilikuwa sehemu yangu ya jana na juzi. Alikuwa ananiwekea kila siku akidhani nitabadili mawazo. Ugali umekauka, maharage yamechacha. Akawamwagia kuku.

Sasa sikiliza. Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi bibi mmoja na wajukuu wanne. Wazazi wa watoto wale walikuwa wameshafariki. Siku zote tatu nilizofunga, wale watoto walipita uani kwetu wakichungulia jikoni. Niliwaona. Sikuwaza lolote. Mimi nilikuwa kwenye maombi!

Siku tatu nilikaa bila kula, na chakula changu kikaliwa na kuku.

Kazi ya utingo sikuipata. Najua shuhuda nyingi huishia kwa mtu kupata lori lake mwenyewe. Wa kwangu hauishii hapo. Miaka miwili baadaye, nilipompa Yesu maisha yangu, nikasoma ile Isaya 58 kwa mara ya kwanza. Nikafika mahali Mungu anapowaambia watu kwamba siku mnayofunga ndiyo siku mnayogombana na kupigana ngumi. Nikafunga Biblia. Nikaona uso wa mdogo wangu.

MUNGU HANUNULIWI

Kosa langu lilikuwa nini? Si kwamba nilifunga kidogo. Kosa langu ni kwamba nilidhani Mungu ana duka, na njaa yangu ni pesa.

Kijana, mawazo hayo hayakutoka kwenye Biblia. Unayajua yalikotoka. Ndiyo mawazo ya kwa mganga. Leta kuku mweusi. Leta mbuzi. Leta kitu kinachouma, na kadiri kinavyouma, ndivyo utajiri utakavyokuja. Sisi watu wa Njombe tunajua njia hiyo inafika wapi. Mwishoni mwa mwaka 2018 na mwanzoni mwa mwaka 2019 watoto wadogo waliuawa katika mkoa wetu huu, na serikali ikayahusisha mauaji hayo na imani za kishirikina. Wazazi waliogopa kuwaachia watoto waende shule peke yao. Huo ndio mwisho wa mungu anayelipwa. Leo anataka kuku, kesho anataka mtoto.

Sasa kama unafunga ili kumlipa Mungu, umebadili jina la anayelipwa, lakini biashara ni ile ile.

Mwangalie Daudi (2 Samweli 12:16-23). Mtoto wake aliugua. Daudi alikuwa mfalme, tena mtu aliyempenda Mungu. Akafunga, akalala chini, akalia. Siku ya saba mtoto akafa. Watumishi wakaogopa kumwambia, wakidhani atajidhuru. Lakini Daudi alipojua, aliinuka, akaoga, akaenda kumwabudu Mungu, kisha akarudi nyumbani akaomba chakula, akala.

Hebu fikiri. Kama kufunga ni malipo, Daudi alidhulumiwa. Lakini hakusema amedhulumiwa. Alimwomba Baba yake kwa nguvu zote, Baba akasema hapana, na Daudi akabaki kuwa mtoto. Mtu aliyelipa hudai risiti. Mtoto huomba, na hata akinyimwa bado anarudi nyumbani.

MUNGU WETU HULISHA

Lakini kosa hili lina mwisho mbaya zaidi, na siwezi kukuficha.

Mwezi wa Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, karibu na Malindi, huko Kenya, polisi walianza kufukua makaburi. Walikuwa wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie. Wachunguzi walisema watu hao waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wamwone Yesu. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400. Wengi walikuwa watoto. Mackenzie alifikishwa mahakamani na akayakana mashtaka. Mahakama ina kazi yake. Lakini makaburi yale hayakanushiki.

Wale watu walikuwa Waswahili wenzetu. Waliimba mapambio kama haya unayoyasikia hapa mkutanoni. Walibeba Biblia. Tusiseme, "Ah, hao ni vichaa." Walikuwa watu waliotaka sana kumpendeza Mungu, na hakuna aliyewaambia Mungu ni wa namna gani.

Basi mimi nakuambia. Fungua Biblia yenyewe uone.

Eliya alichoka, akalala chini ya mti akaomba afe. Mungu hakumwambia ajitese zaidi. Alimtuma malaika na mkate na maji, akamwamsha ale. Akalala tena, akaamshwa tena ale (1 Wafalme 19:4-8). Yesu alipomfufua binti wa Yairo, jambo alilowaagiza wazazi ni kwamba mtoto apewe chakula (Marko 5:43). Paulo alikuwa kwenye meli yenye watu 276, dhoruba inawapiga, watu hawajala kwa siku 14. Je, aliwaambia waongeze siku? Hapana! Aliwasihi wale, kwa sababu chakula ni kwa ajili ya kuokoka kwao, kisha yeye mwenyewe akachukua mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akaanza kula (Matendo 27:33-37). Na Yesu alipofufuka, asubuhi moja wanafunzi wake walimkuta ufukweni amewasha moto wa makaa, ana samaki na mkate, anawaita waje wale (Yohana 21:9-12).

Huyo ndiye Mungu tunayemhubiri. Anapika! Anamwamsha mtu aliyekata tamaa na kumpa mkate. Mtu yeyote, hata kama ana suti nzuri na spika kubwa, akikuambia Mungu anataka ufe kwa njaa, mkimbie. Tena ukimbie na watoto.

SASA KWA NINI TUFUNGE?

Najua unachosema. "Kama ni hivyo, tuache kabisa. Tule tu."

Ngoja. Yesu mwenyewe alifunga siku 40 nyikani (Mathayo 4:1-11). Alipokuwa akiwafundisha wanafunzi wake juu ya kufunga, aliongea kama jambo ambalo watalifanya, akawaonya wasikunje uso ili watu wawaone. Aliwaambia wanawe uso na kujipaka mafuta, Baba anayeona sirini anatosha (Mathayo 6:16-18). Kanisa la Antiokia walikuwa wakifunga Roho Mtakatifu alipowaambia wawatume Barnaba na Sauli (Matendo 13:2-3). Wakristo wa kwanza walifunga Jumatano na Ijumaa. Imeandikwa katika kitabu cha kale sana kiitwacho Didache. Kwa hiyo kufunga ni kwetu. Swali ni kwamba kunafanya kazi gani.

Nakujibu kwa kifupi. KUFUNGA HAKUMBADILISHI MUNGU. KUNAKUONYESHA WEWE UNAMTUMIKIA NANI.

Njaa si dhambi. Yesu mwenyewe aliona njaa. Tumbo ni mtumishi mzuri, lakini likipanda kitini likawa mkubwa wa nyumba, hakuna atakayelala. Mwangalie kijana asiyeweza kusema hapana. Ulanzi ukipita, anakunywa. Simu ikilia, anaacha mtu anayezungumza naye. Msichana akimwangalia, anasahau ahadi aliyompa mwingine. Mfuko ukiachwa wazi, mkono unaingia. Si kwamba ni mtu mbaya sana. Ni mtu ambaye hajawahi hata siku moja kukiambia kitu anachokitaka, "Subiri."

Kufunga ni kujifunza neno hilo moja mahali padogo, kwenye sahani, ili ulijue siku utakapolihitaji mahali pakubwa.

Na kuna jambo la pili. Ukikaa saa chache bila kula, vitu vilivyokuwa vimefunikwa na shibe vinapanda juu. Hasira inatoka. Wivu unatoka. Hofu inatoka. Mimi nilidhani njaa ndiyo iliyompiga mdogo wangu kofi. La! Kofi lilikuwemo siku nyingi. Njaa ilifungua mlango tu. Ndiyo maana kufunga bila maombi ni hatari. Utaona uchafu wa nyumba yako na hutakuwa na wa kukusaidia kuufagia. Lakini ukiuona huku umepiga magoti mbele za Yesu, hapo ndipo uponyaji unapoanzia.

UNAFUNGUA NINI?

Sasa tufike kwenye jibu la Mungu mwenyewe. Angalia lugha yetu ya Kiswahili ilivyo na akili. Mtu anayeacha kula tunasema amefunga. Jioni akila tunasema amefungua. Katika Isaya 58:6-7 Mungu anaeleza saumu aliyoichagua yeye, na ukiisoma utashangaa: karibu yote ni habari ya kufungua. Kufungua vifungo vya uovu. Kuwaacha huru walioonewa. Kugawa chakula chako kwa mwenye njaa. Kumwingiza nyumbani asiye na pa kulala. Kumvika aliye uchi. Kutojificha na ndugu yako.

Umeona? Mungu anauliza, "Kinywa umekifunga, sawa. Je, mkono umefunguka?"

Hili linatuhusu sisi wa hapa kuliko wengi. Mkoa wetu una chakula. Mahindi yapo, viazi vipo, maharage yapo, siku hizi parachichi zinasafirishwa mpaka nje ya nchi. Malori yanajaa Makambako usiku na mchana. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Njombe karibu nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Nusu! Sababu ni nyingi: mlo wa aina moja kila siku, maradhi, mama anayeshinda shambani mpaka jioni na mtoto mgongoni. Lakini huwezi kuniambia kwamba Mungu anaipita nusu hiyo ya watoto akaja kuhesabu siku zangu za kufunga.

Wakristo wa zamani waliliona hili. Katika karne ya 2, mtu mmoja wa Athene aitwaye Aristides aliandika kumtetea Mkristo mbele ya Kaisari. Alieleza kwamba kwao akiwapo maskini asiye na chakula, na wao hawana akiba, hufunga siku mbili au tatu ili sehemu yao impate yule maskini. Soma tena hapo. Hawakufunga kisha wakawamwagia kuku. Njaa yao ilikuwa na anwani. Ilikwenda nyumba ya tatu.

Utaniuliza, "Si nitoe tu bila kufunga?" Toa, ndugu, nani amekukataza! Lakini kuna kutoa kilichobaki, na kuna kutoa kilichokuwa chako. Ukitoa kilichobaki, unamwona maskini kwa mbali, umeshiba. Ukitoa sahani yako mwenyewe, kwa saa chache tumbo lako na la yule mtoto yanaongea lugha moja. Hutamsahau tena kwa urahisi.

UKITAKA KUFUNGA

Usianze na siku 40. Anza na mlo mmoja. Chagua siku, ruka chakula cha mchana, na saa ile uliyokuwa ule, kaa mahali pa utulivu uongee na Mungu. Kunywa maji. Usitangaze kijiweni. Pesa ya ile sahani, au ile sahani yenyewe, ipeleke kwa mtu unayemjua jina lake, leo leo. Na kabla ya kufungua jioni, kama kuna mtu umemkosea, mwendee kwanza.

Kama kazi yako ni kuendesha bodaboda au kushika msumeno wa mbao, siku ya kazi si siku ya kizunguzungu. Utaua mtu. Chagua siku nyingine.

Kama wewe ni mjamzito au unanyonyesha, kama una kisukari au vidonda vya tumbo, kama wewe ni mtoto, kula. Mungu hakudai. Unaweza kufunga kitu kingine: simu, masengenyo, pombe, hasira.

Na hapa nasema taratibu, kwa sababu najua wapo wanaosoma karatasi hii wakiwa wamejificha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-2023 ulionyesha mkoa wa Njombe ndio unaoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wenye miaka 15 na zaidi. Kijana wangu, dada yangu, kama unameza dawa za kufubaza virusi, au dawa za kifua kikuu, MEZA DAWA ZAKO. Usiruke hata dozi moja kwa ajili ya kufunga. Kama dawa inahitaji chakula, kula. Hakuna mhubiri mwenye mamlaka ya kukuachisha dawa, na kumeza kidonge si kukosa imani. Mungu aliyemletea Eliya mkate kwa mkono wa malaika anaweza kukuletea uzima kwa mkono wa nesi.

KUFUNGA HAKUOKOI

Sasa nimalize na jambo kubwa kuliko yote.

Huenda umesoma mpaka hapa ukasema, "Sawa, nitaanza kufunga vizuri, nitagawa chakula, Mungu atanikubali." Hapana! Utakuwa umerudi dukani kwa mlango wa nyuma. Farisayo katika Luka 18:9-14 alifunga mara mbili kwa juma, na alitoa sehemu ya kumi ya mapato yake yote. Alirudi nyumbani bila kuhesabiwa haki. Mtoza ushuru aliyesimama mbali, anajipiga kifua na kuomba rehema tu, ndiye aliyekubaliwa.

Na yule mnyang'anyi msalabani? Alifunga lini? Alitoa nini? Mikono yake ilikuwa imegongomewa. Hakuwa na siku hata moja iliyobaki ya kufanya jema. Alisema tu, Yesu anikumbuke. Na Yesu alimpa ahadi siku ile ile (Luka 23:40-43). Haleluya!

Bei ililipwa, kijana. Haikulipwa na njaa yako. Ililipwa na damu ya Mwana wa Mungu mwenyewe. Mungu wa kweli hadai mtoto wako. Alimtoa wa kwake. Ndiyo maana hatufungi ili tupendwe. Tunafunga kwa sababu tumependwa, na tunataka mkono wetu ufunguke kama wake ulivyofunguka.

Mimi nilimrudia mdogo wangu nikamwomba msamaha. Alicheka, alikuwa ameshasahau kofi. Mimi sikuwa nimesahau. Yule bibi wa nyumba ya tatu alikuwa ameshahama na wajukuu, wamekwenda kijijini kwao. Sikuwapata. Hilo nitalibeba mpaka nitakapomwona Bwana. Ndiyo maana nakuambia wewe ambaye bado una muda: usisubiri.

Kama unataka kumpokea Yesu sasa hivi, huhitaji kwenda mbali. Hapo hapo ulipo, stendi au sokoni, sema naye kwa maneno yako. Kama huna maneno, sema haya kwa moyo wako wote:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimejaribu kukununua, na siku nyingine sikukujali kabisa. Nisamehe. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Ingia maishani mwangu, uwe Bwana wangu, si tumbo langu, si hofu yangu. Ufungue moyo wangu na mikono yangu. Nifundishe kukupenda na kumwona jirani yangu. Amina."

Kama umeomba hivyo kwa kweli, mbinguni kuna furaha. Tafuta kanisa linalohubiri wokovu karibu na unapokaa. Tafuta Biblia, anza na Injili ya Yohana, halafu soma Isaya 58 yote. Na leo hii, kabla hujalala, kumbuka nyumba ya tatu kutoka kwenu. Kuna nani pale? Wamekula?

Usiitupe karatasi hii. Ukimaliza, mpe mwenzako.

MUNGU AKUBARIKI.